Watoto na filamu za dunia iliyoangamia: maswali ambayo wazazi Wakristo huuliza mara kwa mara

Majibu haya ni ya mzazi Mkristo ambaye watoto wamemwomba watazame filamu ya familia inayohangaika kuishi baada ya dunia kuharibika: ugonjwa umefagia miji, viumbe wamevamia, mashine zimeasi, au ardhi haioti tena. Filamu chache zimetajwa kwa majina na matukio yake yameelezwa hadi mwisho, kwa sababu mzazi hawezi kupima asichokijua. Biblia imetajwa kwa kitabu, sura na aya ili uifungue mwenyewe.

Kwa nini filamu za aina hii ziulizwe kuliko nyingine za kutisha?

Usalama wa mtoto husimama juu ya mambo matatu: wazazi wapo, nyumba ipo, na wakubwa wanajua la kufanya. Filamu ya kawaida ya kutisha hugusa moja tu kati ya hayo, halafu hulirudisha mahali pake. Filamu ya dunia iliyoangamia huweza kuyaondoa yote matatu ndani ya dakika kumi za mwanzo, na mara nyingi haiyarudishi.

Mtoto wa Kikristo ana jambo la nne. Amekwisha kusikia kanisani kwamba dunia ina mwisho. Akiona miji mitupu na watu wakijificha, ni rahisi akadhani anaoneshwa kile alichofundishwa. Hapo ndipo kazi ya mzazi ilipo hasa. Damu na makelele ni sehemu ndogo ya suala hili.

Je, ni dhambi Mkristo kutazama filamu kama hii?

Hatuwezi kusema ni dhambi kwa kila mtu. Wafilipi 4:8 hutajwa mara nyingi kama katazo, lakini aya hiyo inaanza na mambo "ya kweli", na kweli ya Biblia ina kurasa nyeusi mno: gharika ya Mwanzo 7, njaa ya Samaria katika 2 Wafalme 6 ambako mama anamla mwanawe, kuchomwa kwa Yerusalemu katika 2 Wafalme 25. Maandiko hayakufichi uharibifu. Tofauti ni kwamba hayauoneshi ili ufurahishe.

Kipimo kinachosaidia zaidi ni Warumi 14. Mtoto au mzazi ambaye dhamiri yake inamsuta asilazimishwe, wala asichekwe. Na mzazi aliyeamua kutazama asimhukumu jirani aliyekataa. Isitoshe, "si dhambi" na "inamfaa mtoto wa miaka sita" ni maswali mawili tofauti kabisa, na wazazi wengi huyachanganya.

Daraja za umri zinaniambia nini?

Zinakuambia kiasi cha vitu vinavyohesabika: damu, matusi, uchi, dawa za kulevya. Marekani ilianza mfumo wake wa herufi mwaka 1968, na daraja la PG-13 likaongezwa Julai 1984. Wazazi wengi hudhani PG-13 maana yake ni marufuku kwa aliye chini ya miaka 13. Sivyo. Ni onyo kali tu kwa mzazi, na mtoto wa miaka minane anaweza kuuziwa tiketi. Anayezuiwa kuingia peke yake ni aliye chini ya miaka 17 kwa filamu ya daraja R.

Uingereza hufanya vingine. Daraja 12A, lililoanza kutumika mwaka 2002, linamtaka mtoto wa chini ya miaka 12 aingie sinema na mtu mzima. Daraja 15 linamfungia mlango kabisa asiyefikisha umri huo. Filamu ya A Quiet Place ya mwaka 2018 ilipewa PG-13 Marekani na 15 Uingereza. Ni filamu ileile, dakika zilezile 90. Ukiona herufi kwenye skrini, jiulize kwanza ni ya nchi gani.

Yasiyohesabika ndiyo yanayoumiza. Hofu inayojengwa kwa ukimya haina damu wala tusi. Mzazi anayekufa nje ya fremu, mtoto anayejilaumu kwa kifo cha ndugu yake, dakika tano za kungoja mlango ufunguliwe: hayo yote hupita kwenye kichujio cha daraja bila kushikwa. Kukosa tumaini hakuna herufi yake.

Mtoto wa umri gani anaweza kutazama?

Umri ni mwanzo wa hesabu tu. Hata hivyo, watoto hawaogopi vitu vilevile, na inafaa ujue wako yuko wapi.

Chini ya miaka saba hivi, mtoto huogopa umbo na sauti: meno, kucha, sura inayobadilika ghafla. Ukimwambia "ni maigizo tu" hasaidiki sana, kwa sababu bado hajaweza kutumia hoja hiyo dhidi ya anachokiona. Kati ya miaka minane na kumi na miwili anajua kiumbe ni wa kompyuta, lakini anaanza kuogopa yanayoweza kutokea kweli: mama kufa, moto, ugonjwa, kuachwa. Kuanzia miaka kumi na mitatu hofu hupanda kwenye mawazo: je, dunia itaendelea? Kuna maana gani kusoma?

Ndiyo maana watazamaji wakubwa wakati mwingine huumia zaidi ya wadogo. Tarehe 20 Novemba 1983 televisheni ya Marekani ilionesha The Day After, filamu kuhusu vita vya nyuklia. Watafiti waliowahoji wazazi kwa simu baadaye waligundua kwamba watoto wadogo hawakusumbuka sana, kwa kuwa hakukuwa na zimwi la kuonekana. Vijana waliobalehe walisumbuka zaidi, na wazazi wenyewe zaidi. Kwa hiyo usimtazame kitinda mimba peke yake. Kijana wako wa miaka kumi na minne anayekaa kimya mwisho wa sofa huenda ndiye aliyeguswa.

Angalia pia hali ya sasa. Mtoto aliyefiwa, aliyehama nyumba, aliyelazwa hospitali, au ambaye wazazi wake wametengana karibuni, angoje. Filamu haitapotea.

Nifanyeje kuipima kabla hawajaiona?

Soma kwanza tovuti zinazowapimia wazazi filamu, kisha tazama. Plugged In, inayotolewa na shirika la Kikristo la Focus on the Family, huorodhesha mambo ya kiroho, ukatili, lugha na mengineyo, kila moja kwa sehemu yake. Kids-In-Mind hutoa namba tatu kuanzia 0 hadi 10, za ngono, ukatili na lugha chafu, pamoja na orodha ndefu ya matukio. Common Sense Media hupendekeza umri. Hakuna hata mmoja kati yao anayemjua mwanao.

Kisha itazame yote peke yako, ukiwa na karatasi. Andika dakika ambayo:
- mtu anakufa au anatoweka, na nani anayeshuhudia;
- kishindo cha ghafla kinashtua;
- mtu anaomba, anamtaja Mungu, au anamkana;
- mhusika mwema anaiba, anadanganya, au anaua, na filamu inavyolichukulia.

Makosa matatu hurudiwa sana katika hatua hii. La kwanza ni kutazama kwenye simu kwa sauti ndogo, kisha watoto wakaonyeshwa kwenye televisheni kubwa yenye spika. Kilichokuwa mgutuko mdogo kinakuwa radi. La pili ni kuikimbiza filamu kwa kasi ili kuokoa muda. Ukimya ukiharakishwa hauogopeshi, kwa hiyo utaipima filamu kuwa nyepesi kuliko ilivyo. La tatu ni kuishia nusu kwa kuridhika. Filamu hizi huweka uamuzi wake wa kimaadili katika dakika ishirini za mwisho, na picha ya mwisho ndiyo mtoto anayolala nayo.

Ukimaliza, jiulize swali moja kabla ya mengine: tumaini limewekwa wapi? Kwenye silaha? Kwenye damu ya ukoo? Kwenye sayansi? Kwenye upendo unaogharimu? Hakuna haja ya jibu kuwa la Kikristo ndipo filamu itazamwe, ila lazima ulijue, maana ndilo mazungumzo yenu yatakakoanzia.

Mnaionaje A Quiet Place?

Ni mfano mzuri wa filamu inayomvuta Mkristo na kumsumbua kwa wakati mmoja.

Familia inaishi kimya kwa sababu viumbe wasioona huwinda kwa kusikia. Siku ya 89, mtoto mdogo kabisa anachukua kidude cha kuchezea chenye mlio. Baba anamnyang'anya na kutoa betri, lakini dada yake anamrudishia kidude kwa huruma, naye mtoto anaziiba betri kimyakimya. Darajani kidude kinalia, na kiumbe kinamnyakua mbele ya wazazi wake wanaokimbia. Hayo ni kabla ya jina la filamu kuonekana. Mzazi ambaye hakujitayarisha atakuwa tayari ameumizwa yeye na watoto wake kabla hajapata rimoti.

Baadaye, siku ya 472 na kuendelea, yapo mengine ya kuandika kwenye karatasi yako: mama anakanyaga msumari kwenye ngazi akiwa katika uchungu wa uzazi, anajifungua akijizuia kulia, na mzee aliyefiwa na mkewe porini anapiga kelele kusudi auawe. Baba anawaokoa watoto wake wawili kwa kupaza sauti ili kiumbe kimfuate yeye. Kabla ya hapo anamwambia binti yake kiziwi, kwa lugha ya alama, kwamba anampenda na amempenda siku zote.

Lenye thamani ni hili: familia inashikana mikono mezani na kushukuru kimya kabla ya kula. Katika dunia ambamo kila kitu kimeporwa, bado wanashukuru. Mimba inapokelewa kama uhai wa kulindwa, ingawa kilio cha mtoto mchanga kinaweza kuwaua wote. Na msamaha kati ya baba na binti ndio moyo wa hadithi, maana binti ameamini muda wote kwamba babaye anamlaumu.

Kinachokosekana ni Mungu mwenyewe. Wanashukuru, lakini hakuna anayemlilia, kumuuliza, au kumtumainia. Usiigeuze kuwa mahubiri ambayo haikuhubiri. Maoni yetu: miaka kumi na mitatu na kuendelea, mzazi akiwepo, na kamwe si mtoto aliyewahi kupoteza ndugu bila kuzungumza naye kwanza kuhusu tukio la darajani.

Kuna iliyo nyepesi kwa wadogo?

WALL-E ya mwaka 2008 ina daraja G, la watazamaji wa rika zote. Dunia imejaa takataka, wanadamu wameondoka na kuishi katika chombo cha anga kwa karne saba, na roboti mdogo anaokota mche wa kijani na kuuweka ndani ya kiatu kikuukuu. Mche huo ndio ushahidi kwamba watu wanaweza kurudi nyumbani. Mtoto anayejua Mwanzo 8:11, njiwa akirudi na jani bichi la mzeituni mdomoni, ataliona hilo kabla yako. Mwambie asome Mwanzo 2:15 pia, ambapo mwanadamu anawekwa bustanini ailime na kuitunza.

Kuna kitu kimoja cha kuangalia kwa wenye miaka minne au mitano. Nusu saa ya mwanzo ina maneno machache mno, na upweke wake huwachosha wengine na kuwahuzunisha wengine. Kaa karibu.

Mtoto anauliza: "Ndivyo dunia itakavyoisha?" Nijibu nini?

Hili ndilo swali zito kuliko yote kwenye ukurasa huu, kwa hiyo tulichukulie polepole.

Anza na neno lenyewe. Neno la Kigiriki linalofungua kitabu cha mwisho cha Biblia, apokalupsis, maana yake ni kufunuliwa, kuondolewa utaji. Katika lugha kadhaa za Ulaya limegeuka kuwa jina la maangamizi. Kiswahili kimelinda maana ya asili: kitabu kinaitwa Ufunuo. Mwambie mtoto hivyo. Katika filamu, mwisho ni pale kila kitu kinapovunjika. Katika Biblia, mwisho ni pale pazia linapoondolewa na kuonekana nani amekaa kwenye kiti cha enzi.

Kisha mpe mambo machache ya hakika, kwa kadiri ya umri wake:

Hakuna anayeijua siku. Mathayo 24:36 inasema hata malaika hawaijui. Kwa hiyo hakuna mwandishi wa filamu, mhubiri wa mtandaoni, wala rafiki wa shuleni anayeweza kumwambia ni lini.

Yesu alitaja vita, njaa na matetemeko, na katika pumzi ileile akasema "msitishwe" (Mathayo 24:6). Mtoto anapaswa kusikia yote mawili. Wengine humfundisha orodha ya majanga na kusahau amri ya kutotishwa.

Baada ya gharika Mungu aliahidi kwamba muda nchi idumupo, kupanda na kuvuna, kaskazi na kusi, mchana na usiku havitakoma (Mwanzo 8:22). Mtoto mdogo huielewa ahadi hii vizuri, kwa kuwa anaweza kuiona kwa macho kesho asubuhi.

Mwisho wa Biblia hauishi kwenye magofu. Petro anaandika juu ya moto katika 2 Petro 3:10, halafu aya tatu mbele anataja mbingu mpya na nchi mpya ambayo haki yakaa ndani yake. Ufunuo 21:4 inasema Mungu atafuta kila chozi. Filamu husimama kwenye magofu kwa kuwa hapo ndipo hadithi yake ilipo, na mtoto hubaki hapo kama hakuna aliyempeleka kwenye sura ya 21.

Makanisa yanatofautiana kuhusu unyakuo, dhiki kuu na miaka elfu. Mfundishe kadiri ya kanisa lenu, lakini usianzie hapo usiku ambao mtoto ameogopa. Ratiba ya siku za mwisho ni somo la mchana.

Kwa nini Mungu hayumo kabisa katika filamu nyingi za namna hii?

Waandishi wengi huondoa kila msaada ili wahusika wategemee nguvu zao. Ni mbinu ya kujenga hadithi, na kwa baadhi yao ni imani pia. Muulize kijana wako: angekuwepo Mkristo ndani ya kundi lile, angefanya nini tofauti?

Akikosa jibu, fungua Matendo 27. Meli ya Paulo inapigwa na tufani kwa siku kumi na nne, jua wala nyota hazionekani, na tumaini la kuokoka limekatika. Ndani yake wamo watu 276, wengi wao wasiomjua Mungu. Paulo anachukua mkate, anashukuru mbele ya wote, anakula, nao wanapata moyo na kula. Kisha wanatupa ngano baharini kupunguza uzito. Sala yake haikuchukua nafasi ya kazi, wala kazi haikuchukua nafasi ya sala. Tukio hilo moja linawafaa vijana kuliko maelezo marefu.

Wahusika wema wanaiba na kuua ili waishi. Nawaelezaje?

Yatenganisheni. Kuchukua chakula katika duka lililoachwa na wenyewe waliokufa si sawa na kumnyang'anya aliye hai. Mithali 6:30-31 inasema watu hawamdharau mwizi aliyeiba kwa njaa, lakini bado inamtaka alipe. Huruma na haki zimekaa pamoja hapo, na mtoto wa miaka tisa anaweza kuzishika zote mbili.

Kuua kunahitaji muda zaidi. Ukatili dhidi ya zimwi humpa mtazamaji ruhusa ya kufurahia bila hatia, na filamu nyingi huanza na mazimwi kisha zikahamia kwa "watu wabaya" bila kubadili muziki. Angalia mpito huo na uutaje kwa sauti. Mwanzo 9:6 ilitolewa mara tu baada ya dunia kuangamia, Nuhu akiwa ametoka safinani: mtu yeyote aliyebaki bado ni mfano wa Mungu. Hata yule mgeni aliyebisha hodi usiku.

Na muwaonyeshe mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17). Alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, ameokota kuni za mlo wa mwisho na mwanawe. Akamgawia mgeni, na unga wake haukuisha. Kanuni ya filamu nyingi ni kwamba anayegawa hufa mapema.

Baba anakufa ili watoto waishi. Niseme ni kama Kristo?

Unaweza, kwa kujihadhari. Yohana 15:13 inazungumzia upendo wa mtu kuutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na mwangwi wake upo kweli. Lakini Kristo alikufa kwa ajili ya adui (Warumi 5:8-10), kisha akafufuka. Baba wa kwenye filamu amebaki kaburini na familia yake inaendelea kumhitaji. Mtoto akiiona tofauti hiyo, ameielewa Injili vizuri zaidi kuliko angeona ufanano peke yake.

Chagua maneno. "Kujitoa mhanga" kwenye taarifa za habari humaanisha mtu aliyejilipua, na kijana analisikia hivyo. Sema "aliutoa uhai wake kuwaokoa". Tofauti hii haina mzaha, kwa sababu filamu hizi huweka pia watu wanaotafuta kifo kwa kukata tamaa, kama yule mzee wa porini. Baba alitaka watoto waishi. Mzee alitaka kufa. Ikiwa kijana wako anamtetea mzee kwa nguvu, au anasema "hata mimi ningefanya hivyo", usimhubirie hapo hapo. Muulize kwa upole na moja kwa moja kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, na tafuta msaada wa kitabibu siku hiyohiyo pamoja na wa mchungaji.

Siku ya kutazama tujipangeje?

Mchana, taa zikiwa zimewashwa. Filamu ya dakika 90 ikianza saa tisa alasiri, inabaki nafasi ya mazungumzo na ya jambo la kawaida kabisa, kama kupika au kucheza nje, kabla ya giza. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri skrini zizimwe saa moja kabla ya kulala. Kwa filamu hizi ongeza.

Rimoti ishikwe na mzazi. Mkubaliane ishara ya mkono ya kusimamisha, na mtoto yeyote aweze kuitumia bila kuulizwa sababu. Zima kipengele cha kuanzisha filamu inayofuata chenyewe, kwa sababu programu za kutazamia filamu huleta inayofanana, na mara nyingi ni kali zaidi. Televisheni yenye hali ya usiku kwenye mipangilio ya sauti hupunguza pengo kati ya mnong'ono na kishindo, itumie. Sauti hubeba hofu kuliko picha. Mtoto anayefumba macho bado anasikia, na akili yake humchorea kibaya kuliko kilichopo. Punguza sauti kwanza.

Mkilazimika kuacha katikati, msiondoke tu. Mtoto aliyeachia kwenye tukio baya hubaki nalo limeganda. Msimulie kwa maneno yako jinsi hadithi ilivyoishia, nani aliokoka na walifika wapi, ndipo mzime.

Ameogopa na halali. Tufanye nini?

Mwili kwanza. Mkumbatie, mpe maji, washa taa ndogo, kaa naye. Kwa mdogo hayo hufanya kazi kuliko maelezo. Mkubwa mwache aeleze tukio lote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa sababu picha iliyosimuliwa hupungua nguvu. Kesho yake mchana mdogo achore kiumbe, kisha akichore tena kikiwa kidogo kuliko kuku.

Ombeni kwa ufupi na kwa sauti ya kawaida. Tunawasihi wazazi wasikemee mapepo juu ya mtoto aliyeota ndoto ya filamu. Wanakusudia mema, lakini mtoto husikia kwamba kiumbe ni cha kweli na kimo chumbani mwake.

Usimwambie "Mkristo haogopi". Daudi aliogopa na akaandika: siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe (Zaburi 56:3). Wala usimwahidi kwamba hakuna baya litakalowapata, kwa kuwa huwezi kuitimiza ahadi hiyo na siku moja atakumbuka. Ahidi kilichoahidiwa: hakuna kitakachotutenga na upendo wa Mungu (Warumi 8:38-39), na usiku huu mimi nipo hapa.

Hofu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Ikiendelea kwa wiki kadhaa, au akianza kukataa shule, kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, au kushindwa kukaa chumba kingine peke yake, mpelekeni kwa mtaalamu.

Ameshaiona kwa rafiki bila ruhusa. Nimwadhibu?

Usianze na adhabu. Akiadhibiwa kwa kusema, safari ijayo ataogopa peke yake. Muulize ameona nini, na ni kipi kimemganda. Itazame mwenyewe usiku huohuo. Suala la kutii lizungumzwe siku nyingine, hofu ikiwa imekwisha.

Naweza kuitumia filamu kumwita mtoto aokoke?

Tunashauri usifanye hivyo. Mtoto aliyetishwa atakubali lolote, na wengine huomba toba kila usiku kwa kuogopa kuachwa. Huo ni woga, nao 2 Timotheo 1:7 inasema Mungu hakutupa roho ya woga. Wito wa Injili anastahili kuupata akiwa ametulia, na aweze kuuliza maswali.

Baada ya filamu tuulizane nini?

Maswali mawili au matatu yanatosha, nayo yaje wakati mnaosha vyombo au mnatembea, si kama mtihani. Nani alikuwa jasiri bila silaha? Ni wakati gani ungetamani mtu aombe? Walipopoteza kila kitu, walibaki na nini? Subiri jibu hata kimya kikiwa kirefu. Kijana huweza kujibu siku ya tatu, garini, bila kuulizwa.

Anataka kuitazama tena, na muendelezo wake pia.

Kurudia si kubaya chenyewe. Watoto hurudia kinachowatisha hadi wakizoee, na mara nyingi maswali ya mara ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Sitisha kama usingizi umeharibika au kama michezo yake yote imekuwa ya kuua.

Muendelezo upimwe upya kuanzia dakika ya kwanza. Daraja likiwa lilelile haimaanishi ujumbe ni uleule. A Quiet Place: Day One ya mwaka 2024, inayorudi nyuma kusimulia mwanzo wa uvamizi, ni PG-13 kama ya kwanza, lakini haina ile familia ya mezani. Mhusika wake mkuu ni mgonjwa wa saratani asiye na muda mrefu wa kuishi, na mwishoni anafungulia muziki kwa sauti barabarani, akijua viumbe watamjia. Mzazi aliyeruhusu ya kwanza kwa ajili ya ile sala ya kimya na baba aliyeutoa uhai wake atakuta hapa swali jingine kabisa, lile la mzee wa porini, likiwa limepambwa kwa wimbo mzuri.